Afya ya nyumbani: Mtoto mwenye vyuma vya meno na bombo zake



Juma hili tunajibu swali lililotoka katika kikundi kimoja cha muso. Mama mmoja anatuambia kwamba binti yake wa miaka 13 amewekwa vyuma vya meno, vile ambavyo wenye Kifaransa wanaviita bage. Munganga wa meno alimpa karatasi yenye vitu asivyopaswa kula, na bombo ndizo za kwanza kwenye karatasi. Tangu siku ile nyumba imekosa amani. Wadogo zake wanakula bombo mbele yake. Koko anamhurumia, anamwingizia mbili tatu mfukoni. Na siku moja mama alipokuwa anakung'uta blanketi, makaratasi ya karameli yakaanguka chini. Sasa anauliza kama amkataze kabisa mpaka vyuma vitolewe, ao afumbe macho tu.

Mama, usifanye hivi wala vile. Mtoto wako anaweza kula bombo akiwa na vyuma, ila si bombo zote, na si saa yoyote. Na yale makaratasi ndani ya blanketi yananitisha kuliko bombo zenyewe. Nitaeleza sababu.

Wengi tunajua hatari moja tu: bombo inavunja vyuma. Ni kweli. Kila jino limebandikwa kifungo kidogo kwa gundi, na uzi wa chuma unapita katika vifungo vyote na kuyavuta meno polepole. Ile gundi inatosha kwa kazi ya kuvuta, lakini haikutengenezwa ikae milele, kwa sababu siku moja munganga atapaswa kuvibandua vifungo bila kuumiza jino. Kwa hiyo ukiuma kitu kigumu kwa nguvu, kifungo kinang'oka. Ukitafuna kitu kinachonata, kinashika kifungo kama tope linavyoshika kiatu, na ukifungua kinywa kinavuta. Wakati mwingine uzi wenyewe unapinda, na hapo hutaona kitu kwa macho, ila meno yanaanza kuvutwa kusikotakiwa.

Kifungo kikitoka, jino lile halivutwi tena. Linakaa, ao linaanza kurudi lilikotoka. Kazi ya vyuma kwa kawaida inachukua mwaka mmoja na nusu, miwili, hata zaidi, na mtoto anaonwa na munganga kila baada ya juma 4 mpaka 8. Kila kifungo kinachong'oka kinaongeza siku juu ya hesabu hiyo. Na ninyi mnajua hali yetu: wanganga wa kazi hii ni wachache, wako wazazi wanaopanda gari ao mashua kumfikia, na wako wanaovuka mpaka. Feza ya vyuma wengine waliipata kwa kupokea likelemba mara mbili. Karameli moja isile feza ya namna hiyo.

Hatari ya pili haina kelele, na ndiyo ninayotaka wamama waishike zaidi. Ndani ya kinywa cha kila mtu mna vijidudu vinavyoishi juu ya meno. Sukari ikiingia, vinaila, kisha vinatoa asidi, na asidi ile inaanza kuyeyusha gamba la nje la jino. Mate yetu yanapigana nayo: yanaiosha, yanaipunguza nguvu, yanarudisha madini kwenye jino. Lakini mate yanahitaji muda, nusu saa hivi, mara nyingi zaidi. Mtoto akila bombo moja saa nne, nyingine saa tano, nyingine saa sita, mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi. Kinywa kinashinda katika asidi tangu asubuhi.

Sasa ongeza vyuma. Kila kifungo kina pembe zake, chini ya uzi kuna vichochoro, na uchafu unakaa pale ambapo ulimi na mashavu havifiki kupangusa. Ndiyo maana mtoto mwenye vyuma asiyesafisha meno vizuri anaweza kupata madoa meupe kuzunguka vifungo, hata ndani ya mwezi mmoja tu. Madoa hayo ni jino lililoanza kupoteza madini yake. Wakati vyuma viko mdomoni mara nyingi huyaoni. Unayaona siku ya furaha, siku vifungo vinatolewa: meno yamenyooka, lakini kila moja lina alama ya mraba katikati na weupe wa chaki pembeni. Mengine yanafifia kidogo baadaye, mengine yanabaki, na mengine yalishakuwa matundu.

Kuna habari moja ya zamani kutoka Uswidi inayosaidia kuelewa jambo hili, ingawa si habari nzuri. Katika miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm, mji wa Lund, walikaa watu wenye ulemavu wa akili. Serikali ilitaka kujua ni nini kinachoozesha meno ya wananchi. Wagonjwa zaidi ya 400 waligawanywa makundi. Wengine walipewa sukari pamoja na chakula tu. Wengine walipewa karameli za kunata katikati ya chakula, kundi moja hadi karameli 24 kwa siku. Hakuna aliyewaomba ruhusa, na meno ya wengi yaliharibika kabisa. Leo kazi ile inatajwa duniani kote kama mfano wa ubaya ambao wanganga hawapaswi kuurudia. Lakini walichokiona kilikuwa wazi: sukari iliyoliwa pamoja na chakula ilidhuru kidogo sana, ile ya kunata, iliyoliwa mara kwa mara kati ya chakula na chakula, ndiyo iliyomaliza meno. Baada ya hapo wazazi wa Uswidi walishauriwa kuwapa watoto bombo siku moja tu katika juma, na wakachagua Jumamosi. Mpaka leo familia nyingi huko zinafanya hivyo.

Na sisi siku ya posho tunayo. Shauri langu kwa mama aliyeuliza ni hili: chagua siku moja, ya posho ao ya yenga, na saa moja, mara tu baada ya chakula cha mchana. Wakati huo mate ni mengi, na asidi ya bombo inaingia katika ile ambayo chakula kimekwisha kuleta, haileti shambulio jipya. Mtoto ale bombo yake mezani, aimalize, anywe maji, iishe. Bombo tano zilizoliwa ndani ya dakika kumi zinadhuru kidogo kuliko tano zilizogawanywa kutoka asubuhi mpaka jioni. Wazazi wengi tunafanya kinyume. Tunampa moja moja tukidhani ndiyo kumwonea kiasi.

Halafu aina. Bombo nzuri kwa mwenye vyuma ni ile inayoyeyuka yenyewe na kupita. Shokola ya kawaida, isiyo na karanga wala karameli ndani, ndiyo ya kwanza. Na joto likiwa kali haina shida ya kuwa ngumu. Ikitoka kwenye baridi ya frigo, ngoja ilainike. Biskuti ya kuchovya katika chai inafaa, ila inaacha unga mwingi katikati ya vifungo, kwa hiyo maji lazima. Mandazi laini yenye sukari kidogo, krimu ya barafu isiyo na vipande vigumu, keki ya sikukuu, vyote vinapita.

Bombo za kukataa mpaka vyuma vitoke ni hizi: karameli na zote za kuvutika, chingamu, nuga ya karanga na sukari iliyochomwa, na zile bombo ngumu za kuvunjika. Ile ngumu mtoto atakuambia, « Mama, sitaitafuna, nitainyonya tu. » Usikubali haraka. Kwanza mwisho wake wote tunaujua, ikibaki ndogo meno yanaiuma yenyewe. Pili kunyonya ndiko kunakoweka sukari mdomoni muda mrefu. Bombo ya kijiti kwa upande huu ni mbaya zaidi, mtoto anatembea nayo nusu saa, anaitoa, anairudisha. Na kama dukani wamekuambia bombo hii haina sukari, ujue kwamba hiyo inasaidia kwa hatari ya pili tu. Ikiwa ngumu ao ya kunata, itang'oa kifungo sawasawa na ile yenye sukari.

Tusilaumu bombo peke yake. Kwetu hapa kitu kinachoweza kung'oa vyuma kuliko karameli ni muwa. Kumenya muwa kwa meno, kuvuta ganda lile gumu na kutafuna nyuzi zake, kwa mwenye vyuma hakuna kabisa, hata mara moja. Akiutamani sana, mumenyee kwa kisu, ukate vipande vidogo kabisa, avikamue kwa meno ya nyuma polepole baada ya chakula, na ajue kwamba ni sukari vilevile. Mahindi ya kuchoma, mpukuchulie punje, na zile zilizokauka zikawa kama mawe muache. Karanga za kukaanga zisagwe ziwe siagi. Mfupa asiuvunje. Barafu ya sashe asiiume, aache iyeyuke. Pera gumu na karoti mbichi zikatwe vipande vyembamba. Kucha na kalamu, tabia hiyo ikome. Na papa wa nyumba anayefungua chupa ya Primus kwa meno mbele ya watoto tumwombe kwa heshima atafute ufunguo.

Kinywaji nacho. Chupa ya sukre ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kwa afya bora mtu mzima asizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita vidogo. Zaidi ya sukari, vinywaji hivi vina asidi yake tayari kabla vijidudu havijagusa kitu. Hesabu yake ni ileile ya bombo: ainywe pamoja na chakula, aimalize, asitembee nayo akionja kidogo kidogo. Kati ya chakula na chakula, maji. Mtoto anayekwenda masomo na kichupa cha maji safi katika mfuko wake tayari ana dawa nusu.

Baada ya bombo mtoto asukutue kinywa kwa maji mara mbili tatu, kwa nguvu, mashavu yacheze, mpaka maji yapite katikati ya vifungo. Kama nyumbani kuna kipande cha fromaji ya Masisi, mpe kidogo mwishoni. Fromaji inaamsha mate na inapunguza nguvu ya asidi, hilo wanganga wa meno wanalijua siku nyingi. Haina haja ya kuwa kipande kikubwa, na wenye bei wasitukasirikie.

Usiku ndipo penye kazi kubwa. Tukilala mate yanapungua sana, karibu yanakauka. Sukari inayobaki mdomoni usiku haina wa kuiosha, na vijidudu vinafanya karamu mpaka asubuhi. Hii ndiyo sababu makaratasi ya karameli chini ya blanketi yalinitisha. Mtoto aliyekatazwa kabisa anakula kwa siri, na siri ya mtoto ni usiku, taa ikiwa imezimwa, mswaki umekwisha kupita ao haukupita. Anachagua ile ndogo inayofichika, na ile inayofichika ni karameli ao bombo ngumu, kwa sababu shokola ingechafua shuka. Kwa hiyo kumkataza kabisa kunamsukuma kwenye bombo mbaya kuliko zote, katika saa mbaya kuliko zote. Afadhali mezani, mchana, mbele yako.

Kusafisha kwenyewe: mswaki laini, dawa ya meno yenye fluori (soma kwenye tyubu, namba iwe kati ya 1000 na 1500), dakika mbili nzima, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki upite mara tatu kwa kila upande: juu ya vifungo ukiinamisha kuelekea ufizi, chini ya vifungo, kisha juu ya vifungo vyenyewe. Kuna vimswaki vidogo vyembamba vya kupitisha chini ya uzi. Mwombe munganga akuonyeshe siku ya kumwona. Akimaliza ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili fluori ibaki kwenye meno. Miaka 13 si mkubwa kwa kazi hii. Wewe mama shika tochi ya simu, mwambie afungue mdomo, uangalie pembeni ya vifungo karibu na ufizi. Ukiona utando mweupe unaokwanguka, arudie. Ukiona weupe usiokwanguka, ao ufizi umevimba na kutoa damu kila siku, usingoje siku ya miadi.

Kuhusu wadogo zake, mimi ningefanya siku ya bombo iwe ya nyumba nzima. Hata wasio na vyuma meno yao ni yaleyale, vijidudu ni vilevile. Mtoto mmoja akikatazwa peke yake anaona vyuma kama azabu, na tayari kule masomo wenzake wanamcheka kwa meno ya chuma. Wote wakila siku ya posho baada ya sombe na bugali, hakuna wa kulia. Koko naye asinyang'anywe furaha yake ya kumpa mjukuu kitu. Mwambie kwa upole, tena usimwambie mbele ya mtoto: Koko, bombo zako tunazipenda, lakini zifike siku ya posho, na ziwe shokola. Wakoko wengi wakielezwa feza iliyolipwa wanakuwa walinzi wakali kuliko sisi. Kwa Noeli na Bonane, pale ambapo kila nyumba mnayoingia mnapewa kitu, mtoto apokee, aseme asante, aweke mfukoni. Mkirudi mnachambua pamoja: za kuyeyuka zake, za kunata anabadilishana na wadogo zake. Watoto wanapenda biashara hiyo kuliko unavyofikiri.

Na kifungo kikitoka hata hivyo? Usimpige. Ukimpiga, safari nyingine ataficha, na kifungo kilichofichwa juma tatu kinaharibu zaidi ya kilichosemwa leo. Kama kifungo bado kinaning'inia kwenye uzi, usikivute, kiache hapohapo. Kama kimetoka kabisa, kikaushe, kifunge katika karatasi safi, munganga atakitazama. Asikibandike mtu kwa gundi ya viatu ao ya plastiki, hiyo ni sumu. Uzi ukitokeza na kuchoma shavu, usukume taratibu kwa mgongo wa kijiko kidogo kilichooshwa, kisha uufunike kwa ile nta ya meno aliyokupa munganga. Ukikosa nta, pamba safi iliyolowa maji inasaidia kwa saa chache, lakini asilale nayo. Usikate uzi kwa pinsi ya fundi. Kidonda cha shavu, asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko kidogo cha chumvi katika glasi moja. Akimeza kifungo, mara nyingi kitapita na choo. Lakini akianza kukohoa bila kukoma ao kupumua kwa shida, ni hospitali saa ileile.

Halafu piga simu kwa munganga siku hiyohiyo, useme ni jino gani na tangu lini. Kama anakaa mbali, muulize kama inaweza kungoja mpaka siku ya miadi. Mara nyingine atasema ngoja, na utakuwa umeokoa feza ya safari. Mara nyingine atasema njoo, na hapo nenda.